Setilaiti Mbili na Boma Jipya la Karungu

Mke wangu husema nina hasira za mafuta ya taa: huwaka upesi, huisha upesi, kisha nyumba nzima hubaki ikinuka. Sibishi. Mimi ni fundi wa madishi ya mawasiliano, mzaliwa wa Uriri, na nimepanda mapaa ya zahanati, shule na ofisi za machifu kuanzia karibu na mpaka wa Tanzania hadi visiwa vya Homa Bay. Kupanda mapaa kunanipendeza. Ukiwa juu ya paa hakuna anayekuuliza swali la kipuuzi. Kinachoniwasha ni ile kazi nyingine, ya kumsaka mtu ambaye hajui kwamba anasakwa, wala hajui kwamba amekosa.

Ya Karungu ilianza Jumapili moja nikitoka kanisani, Biblia ingali kwapani. Simu ikalia. Alikuwa sista wa zahanati ya kisiwa cha Takawiri. Huku kwetu muuguzi yeyote wa kike ni sista, hata kama ana mume na watoto watano.

"Fundi, dishi langu limekufa."

"Taa zinawaka?"

"Zote. Kama Krismasi. Lakini hakuna kitu kinaenda."

"Umezima ukawasha?"

"Nimezima nikawasha mpaka kidole kimechoka. Usinifanye mtoto."

Tunaelewana mimi na yeye kwa sababu hasira zetu zilinunuliwa duka moja. Lakini siku hiyo nilisikia kitu kingine chini ya ukali wake, nikamwuliza kuna nini. Akanieleza. Alikuwa na mama mjamzito pale kisiwani ambaye siku zake zilikuwa zimefika, naye sista akipapasa tumbo alihisi mtoto amelala vibaya. Mashine ya kupiga picha ya mtoto tumboni anayo, ila wa kuisoma picha ni daktari aliye Homa Bay, na picha hupitia kwa dishi. Simu ya kawaida pale Takawiri inabeba sauti. Ukiipa picha inakohoa na kuitapika.

"Si umvushe tu hata bila picha?" nikasema.

"Hataki. Mimba ya kwanza walimkimbiza na boti, akazalia katikati ya maji, mtoto akafa kabla hawajaona Mbita. Ameniambia daktari akiona kwa macho yake akasema vuka, atavuka. Bila hivyo hatumwoni kwa boti. Na mimi siwezi kumfunga kamba, fundi. Nipe dishi langu."

Nikawapigia mainjinia wa setilaiti. Hao ni watu wa mbali ambao sijawahi kuwaona, tunajuana kwa sauti. Wakatazama vioo vyao, wakanirudia: dishi la Takawiri halina ugonjwa. Kuna mtu mahali fulani amewasha mtambo na kuuelekeza kwenye setilaiti isiyo yake, anapiga kelele juu ya sauti ya kisiwa. Kutoka kisiwani sauti inapanda vizuri, lakini ikifika juu haisikiki.

Nami nikauliza lile swali ambalo hata mtoto angeuliza. Yuko wapi?

Jibu lao ndilo hunifurahisha katika kazi hii, hata siku ambayo kila kitu kingine kinanikera. Dishi hurusha sauti yake kwa setilaiti moja, ila sauti haina adabu, sehemu ndogo humwagika pembeni ikafika setilaiti jirani. Wale mainjinia huisikiliza sauti ileile kwenye setilaiti zote mbili. Kwa moja inachelewa kidogo kuliko kwa nyingine. Tena setilaiti haisimami tuli kabisa, huyumba kidogo huko juu, kwa hiyo mlio nao unatofautiana kidogo, kama honi ya gari linalokupita. Kwa tofauti hizo mbili, ya wakati na ya mlio, wanachora mistari kwenye ramani, na inapokatana ndipo mtu wako alipo. Mtu yuko chini, masikio yako juu ya mawingu, naye anajulikana. Niliposikia mambo hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa raha.

Ila kuna kasoro, na kasoro ni yetu sisi wa ikweta. Setilaiti zimejipanga kwa mstari juu ya ikweta, nasi tuko karibu chini yake kabisa, basi ile mistari haikatani sawasawa. Badala ya nukta unapewa yai. Yai langu lilikuwa refu kutoka kaskazini hadi kusini: ncha moja Takawiri kwenyewe, ncha nyingine Karungu. Ndani yake mlikuwa na ziwa, milima ya Gwassi, mabichi ya wavuvi na watu wasiohesabika.

"Mnaniambia nitafute ndani ya hili?" nikawauliza.

"Ndilo tulilonalo," wakasema.

Jumatatu nilianza kaskazini, kwa sababu nilikuwa na kichwa kigumu. Niliamini mkosaji atakuwa karibu na anayekosewa. Nilizunguka Mbita na viunga vyake na kijiantena changu cha mkononi, kipana kama mdomo wa jagi, nikikielekeza huku na kule, nikisoma kipimo. Watoto walinifuata wakidhani napima viwanja. Mzee mmoja akanitisha kwamba shamba lake haliuzwi. Jioni sista akapiga.

"Umepata nini leo?"

"Nimepata jua."

Hakucheka. Akasema mama amelala, na kwamba kesho atauliza tena. Ilinikata maini. Laiti angenitukana.

Jumanne nilifika Karungu mapema, na safari hii nilitumia akili. Nikawauliza mainjinia: kelele ilianza lini hasa? Wakapekua kumbukumbu zao. Jumamosi, kabla ya jua kuchomoza, na tangu hapo haijanyamaza hata dakika moja. Sasa nikawaza. Mtu gani huwasha mtambo alfajiri ya Jumamosi? Ofisi zimefungwa. Mafundi wamelala, mimi nikiwa wa kwanza. Nikaiacha antena garini, nikaketi kwa mama mmoja muuza chai pale bichi, nikaagiza chai na mandazi mawili.

"Mama, huku kuna mtu ameanza kitu kipya Jumamosi alfajiri?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza ziwa liko upande gani.

"Si mwalimu! Amehama. Ametoka kwa baba yake, amefungua dala yake pale juu. Wewe umetoka wapi hujasikia?"

Dala ndilo boma, na kwetu Wajaluo boma halihamiwi kama chumba cha kupanga. Mwanamume huzaliwa katika boma la baba yake, akajenga humo kibanda chake cha ujana, akaoa humo. Siku ya kutoka kufungua boma lake mwenyewe ni siku ya maisha. Anatoka alfajiri na mkewe na kifungua mimba wake. Kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto uliotolewa jiko la zamani kwenda kuwasha jipya, nao hauzimwi kwa siku nne. Huyu mwalimu alikuwa amestaafu, ana mvi hadi kwenye nyusi, na kwa sababu ya mambo ya ukoo yaliyokawia alikuwa bado kwa baba yake. Mama wa chai alinieleza yote haya huku akikaanga. Kisha akaongeza:

"Hata ile internet yake amehama nayo. Aliibeba ikiwaka."

Andazi la pili sikulimaliza.

Boma lilikuwa mlimani kidogo, linatazama ghuba. Nyumba mpya ya mabati, lango jipya la miti mibichi, na mbele ya nyumba, juu ya kisiki, dishi limelala chali kama karai la kufulia. Nilielekeza kijiantena, kipimo kikapanda hadi mwisho. Mwenyewe alikuwa amekaa kitini karibu na dishi lake, shati jeupe, kofia, mkongojo, amani tele. Nikamsalimu kwa Kiluo, akafurahi. Aliposikia natoka Uriri akaniita ja-Uriri, mtu wa Uriri, na jina hilo likanishika siku nzima.

Nikamweleza taratibu habari ya kelele na ya mama wa Takawiri. Alisikiliza vizuri kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi. Kisha akanieleza yake: alikuwa na duka la intaneti hapo Karungu kwa miaka, watu wakijaza fomu zao za serikali na kutazama matokeo ya mitihani. Dishi lilitoka kwa mradi mmoja uliofungwa. Ndilo lililomlisha tangu astaafu. Siku ya kuhama mkewe alibeba moto wa jikoni, na yeye akasema moto wake ni ule wa mashine, basi akaifunga kwenye betri ya gari, akaibeba kwa baiskeli taa ikiwaka, asiiache izimike njiani. Alipofika alilitega dishi kwa macho, likitazama juu jinsi alivyokumbuka. Na kweli, huku kwetu madishi mengi hutazama juu karibu na utosi. Lakini huko juu, kosa la upana wa kidole ni mlango wa jirani.

"Intaneti inafanya kazi, Mwalimu?"

"Hapana. Lakini taa ya kutuma inawaka. Ya kupokea ndiyo imekataa. Nitamwita fundi baada ya siku zangu nne."

Mashine za siku hizi zisiposikia setilaiti yao hunyamaza zenyewe. Yake ilikuwa ya zamani, ya wale wanaoongea wasikizwe wasisikizwe.

"Mwalimu, lazima tuizime."

"Kesho asubuhi. Siku nne zikiisha, izime hata ukaipige mawe."

"Ni leo. Ni sasa."

"Ja-Uriri, moto wa boma jipya hauzimwi kabla ya siku zake. Wewe ni mtoto wa kizungu?"

Nikasema basi nichomoe waya wa dishi tu, taa ya mashine ibaki. Akanitazama kwa huruma. "Ukichomoa kuni zote jikoni ukabaki na jivu la joto, huo ni moto?" Nikasema basi niligeuze dishi lielekee kwenye setilaiti yake likiwa linawaka. Hilo nililikataa mwenyewe kabla hajajibu, maana ukiligeuza dishi linalopiga kelele, unazipigia kelele setilaiti zote unazopitia njiani. Sheria ni moja: zima kwanza.

Hapo ndipo mafuta ya taa yakashika. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kuna mtu atakufa kwa sababu ya taa ya kijani. Nilimwambia msomi mzima hana aibu. Nikapiga hatua mbili kuelekea mlango wa nyumba, ndani ulikokuwa ule mtambo, mkono mbele, ndani ya boma la mtu, boma la siku nne. Yule mzee akasimama. Hakupandisha sauti.

"Ingia uchomoe," akasema. "Halafu uende kwa baba yangu umwambie ni wewe uliyezima moto wa mwanawe. Nimengoja boma hili hadi nimeota mvi. Mnataka nichague kati ya boma langu na mtoto wa mtu. Mnadhani ni rahisi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Simu ikalia. Sista. Nikaiweka kwa sauti kubwa, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu mwingine aseme badala yangu.

"Fundi, ameanza maumivu. Madogo, lakini yameanza. Upepo ukiamka saa nane, hata akikubali, hakuna boti itakayovuka. Uko wapi?"

"Niko mlangoni," nikasema. Na kweli nilikuwa mlangoni.

Mke wa mwalimu alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga, akasikia yote. Mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Hakunikemea. Aliniuliza swali.

"Ja-Uriri, mama yako usiku huzima moto?"

"Hapana, mama."

"Hufanyaje?"

"Huufukia. Na jivu. Asubuhi anaufukua."

"Ukifukiwa umekufa?"

"Haujafa."

"Na unachoma mtu?"

Nililigeukia lile dishi. Mwalimu naye akamgeukia mkewe. Nikaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyevuliwa nguo hadharani na hakuna la kufanya. Maji! Mvua kubwa ikishuka kutoka Gwassi mawasiliano haya hukatika, kila fundi anajua, maana maji huyameza mawimbi yake. Dishi limelala chali. Unahitaji tu kulifunika kwa kitu kilicholowa.

"Mama, magunia yapo?"

Yalikuwepo, ya omena, wale dagaa wa ziwani, yananuka vilivyo. Tukayalowesha kwenye pipa. Nilitandika la kwanza juu ya dishi, nikatazama kipimo: kelele ikashuka kidogo. La pili, ikashuka zaidi. La tatu tukalikunja mara mbili, na kile kipimo kikalala chini kama mbwa aliyeshiba. Ndani ya nyumba taa ya kutuma iliendelea kuwaka kijani, haina habari. Mwalimu aliingia kuihakikisha, akatoka, akaingia tena.

Nikampigia sista. "Jaribu sasa."

Nilisikia viatu vyake vikikimbia. Halafu: "Inaenda! Fundi, inaenda!"

Magunia hukauka, na jua la Karungu halina mchezo. Nilichukua jagi nimwagie maji, mwalimu akaninyang'anya. Akavuta kiti chake hadi kando ya dishi, akakunja mikono ya shati, akawa anamwagilia mwenyewe, jagi baada ya jagi, kama mtu anayetunza mche. Kifungua mimba wake alimwambia baba pumzika, akaambiwa anyamaze. Nami nikamwomba mzee radhi, waziwazi, mbele ya mkewe. Akasema hasira ya mtu anayemhangaikia mwenzake haihesabiwi. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akaongeza, "ingawa wewe ulikuja na kelele kuliko dishi." Mkewe akacheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

Kabla ya saa sita sista akapiga. Daktari ameona. Mtoto amekaa, miguu mbele, na kuna jambo la kamba ya kitovu ambalo hakulipenda. Avuke, na avuke sasa hivi, wanamsubiri Homa Bay. Mama mjamzito akauliza neno moja tu: ameona kwa macho yake? Sista akamwambia ameona. Akachukua leso yake, akashuka mwenyewe hadi botini, sista akimfuata kumsindikiza.

Tangu hapo hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Jumatano asubuhi nilirudi, nikauzima mtambo kwa baraka zote, nikalielekeza dishi mahali pake, na mainjinia wakanipongeza. Hiyo ni kazi, haina hadithi. Ninayoikumbuka ni ile alasiri ya Jumanne. Nililetewa kuon na samaki wa mchuzi, kuon ndiyo ugali wetu, nikala katika nyumba ambayo rangi yake ilikuwa haijakauka. Upepo uliamka saa nane, tukauona unavyolikunja ziwa, tukahesabu kichwani boti imefika wapi. Mwalimu aliendelea kumwagilia magunia ingawa nilimwambia picha imeshapita. Alisema huenda daktari akataka kuuliza kitu.

Nilikuwa na raha ya ajabu siku hiyo, raha iliyochanganyika na woga. Mimi ambaye kazi yangu ni kufika, kurekebisha na kuondoka, sikutaka kuondoka.

Jua likiwa linaegemea ziwani simu ikalia. Nikabonyeza, nikaiweka kwa sauti kubwa. Sista hakusalimu.

"Sikizeni," akasema.

Tukasikia mlango, tukasikia vyombo vya chuma, mtu akikohoa. Halafu mtoto. Analia kwa hasira kali, bila kupumua, kana kwamba tumemkosea sisi sote. Nyuma yake mwanamke alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Mwalimu aliweka jagi chini. Akamsogezea mkewe ile simu. Mkewe akaishika kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mwenyewe, akaiinamia.

"Karibu dala, nyathina," akamwambia. Karibu nyumbani, mwanangu.